Kete Hazina Majina: Mbinu za Mchezo, Sauti ya Mwananchi na Faragha Nchini Uganda

Kwenye steji nyingi za bodaboda, iwe Kampala, Jinja au Busia, abiria wakipungua mchana ubao wa ludo hutolewa chini ya benchi. Kila mchezaji ana rangi yake. Nyekundu ikiliwa hatua mbili kabla ya kufika nyumbani, steji nzima inajua nani kaliwa na nani kala, na hadi jioni jina lake litatajwa kwa vicheko. Pembeni, hasa huku Buganda, utakuta wazee wameinamia mweso, ndugu wa bao la pwani: mashimo 32, kete 64. Hapo mambo ni mengine. Kete zote zinafanana. Unaweza kuhesabu zimo ngapi shimoni, lakini huwezi kuuliza hii ilianzia wapi, ile ilikuwa ya nani. Mchezo unanoga, mshindi anapatikana, na hakuna kete yenye jina.

Mabao haya mawili yananisaidia kueleza swali linalorudi kila mradi mpya wa simu unapozinduliwa nchini: je, inawezekana kuwavutia wananchi washiriki katika mambo ya umma kwa mbinu za mchezo, yaani alama, beji, ngazi, ubao wa vinara na zawadi, bila kuwaanika? Naamini inawezekana. Mchezo wowote lazima ukumbuke kitu, la sivyo hakuna anayeshinda. Kinachoamua usalama wa watu ni kile mchezo unachokikumbuka. Miradi mingi hujengwa kama ludo wakati kazi yenyewe inataka mweso.

Mbinu za mchezo maana yake ni kuchukua vitu vinavyoufanya mchezo unoge na kuvipachika kwenye shughuli ambayo si mchezo: kuripoti shimo barabarani, kuchagua kipi kitangulie katika bajeti ya kaunti ndogo, kusema kama dawa zipo kituoni. Mfano ninaoupenda, kwa uzuri wake na kwa kasoro yake, ni wa Stockholm. Mwaka 2010 kamera ya mwendo iliwekwa barabarani kwa majaribio yaliyodhaminiwa na Volkswagen. Aliyezidisha mwendo alipaswa kulipa faini kama kawaida. Aliyetii aliingizwa kwenye bahati nasibu, na zawadi ingetoka kwenye faini za wenzake. Wastani wa mwendo ulishuka kutoka kilomita 32 kwa saa hadi 25.

Sasa iangalie ile kamera. Kamera ya kawaida haina haja na dereva mtiifu, humwacha apite. Ili kumwingiza kwenye bahati nasibu ilibidi impige picha naye, isome namba ya gari lake, iweke kumbukumbu kwamba alipita pale siku fulani saa fulani. Zawadi iliwaingiza kwenye daftari watu wasio na kosa lolote. Fundo lenyewe liko hapa. Adhabu humtafuta mkosaji peke yake, lakini tuzo haiwezi kutolewa bila kumjua kila anayestahili. Kwa hiyo mradi wa kuwatuza wananchi, hata ukiwa na nia njema kabisa, huanza na orodha ndefu ya majina kuliko mradi wa kuwaadhibu.

Tuzo zina udhaifu mwingine, ambao nitaupitia haraka. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi fumbo la kupanga maumbo kwa vipande. Kundi moja lililipwa kwa kila umbo walilopata, kisha malipo yakaondolewa. Waliowahi kulipwa wakapunguza muda wa kuchezea vile vipande walipoachwa wafanye watakalo. Ukimzoesha mtu kupewa muda wa maongezi kila anaporipoti bomba lililopasuka, siku bajeti ya zawadi ikiisha bomba litamwaga maji na hakuna atakayesema. Pia tayari tuna vibanda vya kubeti karibu kila kituo cha biashara. Ningeumia kuona malalamiko ya maji yamegeuzwa tiketi nyingine ya kubahatisha.

Uganda si mgeni wa jambo hili. Buganda wana bulungi bwansi, kazi ya pamoja kwa faida ya wote, ambapo ngoma iliwaita watu kusafisha visima na kulima barabara. Mwaka 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha mabaraza ya wananchi, ambamo maofisa husimama mbele ya watu wa kaunti ndogo na kueleza fedha zimetumikaje. Kisha 2011 ikaja U-Report ya UNICEF, iliyoanzia hapahapa Uganda kabla ya kusambaa nchi nyingine: kijana anapokea swali kwa ujumbe mfupi, anajibu bure, na baadaye anaelezwa wengine walijibu nini. Mwaka 2013 mfumo huo ulitumika kufuatilia mnyauko uliokuwa ukiangamiza migomba. Kinachonivutia ni kwamba watu hawakulipwa kwa majibu yao. Chambo kilikuwa kujua kwamba sauti yako imehesabiwa na kuona hesabu yenyewe. Nacho ni kionjo cha mchezo, labda kizuri kuliko vyote.

Kwa nini basi watu wanasita? Sababu si uvivu. Laini za simu zinasajiliwa tangu 2012, na 2017 usajili huo ulifungwa kwenye namba ya kitambulisho cha taifa. Sheria ya 2010 inaruhusu mawasiliano kunaswa kwa kibali cha jaji. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtu aliyepitia hayo akiambiwa "tutumie maoni yako kwa namba yako ya simu," anasikia "tutumie maoni yako pamoja na jina la baba yako na kijiji ulikozaliwa." Huo ndio ukweli wa namba ya simu siku hizi.

Na hatari haitoki serikalini tu. Katika nyumba nyingi simu ni ya watu watatu au wanne. Mke akijibu swali la uzazi wa mpango kwa ujumbe mfupi, jibu lake linabaki kwenye simu, na mume atalisoma jioni. Huduma ya kubonyeza nyota na namba na alama ya reli haiachi maneno kwenye kisanduku cha ujumbe. Kampuni ya simu bado inajua kwamba menyu hiyo ilifunguliwa, ila yule aliye karibu zaidi, ambaye mara nyingi ndiye anayeogopwa zaidi, haoni kitu. Sijui kwa nini jambo dogo kama hili halizungumzwi mwanzoni kabisa mradi unapopangwa.

Niliwahi kuona, katika kituo kimoja cha biashara upande wa mashariki, karatasi imebandikwa kwenye mlango wa duka. Majina kumi na namba za simu: vinara wa kuripoti wa mwezi huo. Wenye mradi walidhani wanawapa watu heshima. Wa pili kwenye orodha alikuwa mama mmoja ambaye ripoti zake nyingi, kama kila mtu alivyojua, zilihusu dawa kukosekana kituo cha afya. Muuguzi wa kituo hicho hununua sukari duka hilohilo. Mwezi uliofuata jina la yule mama halikuwepo, na sikuhitaji kuuliza sababu. Ubao wa vinara ni ludo tupu. Unawafaa wakimbiaji wa marathoni. Kwa mtu anayetaja uozo wa ofisi ya jirani yake, ni kumwekea shabaha mgongoni.

Wengine watasema: basi futeni majina. Ni vizuri, lakini haitoshi, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 2000 mtafiti Latanya Sweeney alionyesha kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya eneo la posta. Huku kwetu hatuhitaji hata tarehe. "Mwanamke, miaka 34, mwalimu, kijiji fulani Tororo": wanakijiji wamekwisha kumtaja. Au chukua mkasa wa Strava, programu ambayo watu hushindania kukimbia na kuendesha baiskeli. Novemba 2017 ilitoa ramani ya dunia ya njia za watumiaji wake, bila jina hata moja. Januari 2018 mwanafunzi mmoja akagundua kwamba katikati ya nyika za Syria na Afghanistan kulikuwa na miduara inayong'aa: askari walikuwa wakikimbia kuzunguka kambi zao. Mjini mistari ilipotelea katika mingine. Nyikani ilisimama peke yake.

Rudi kwenye mweso uone. Shimo lenye kete kumi na mbili halikuambii lolote kuhusu kete moja. Shimo lenye kete moja linakuambia kila kitu, hata kama kete haina jina. Kanuni inayofuata ni nyepesi kuisema na ngumu kuitii: usionyeshe shimo mpaka lijae. Kama kijiji kimetoa ripoti tatu kuhusu kituo cha afya, zijumlishe na za parishi nzima. Parishi ikiwa na tano, panda hadi kaunti ndogo. Wafadhili hupenda ramani zenye vitone vinavyopepesa kila kijiji, na mimi naelewa uzuri wake, lakini kila kitone ni mlango wa mtu. Picha nazo zisafishwe kabla ya kuhifadhiwa, maana simu nyingi huweka mahali na saa ndani ya picha yenyewe bila mpigaji kujua.

Kuna njia moja ambayo mchezo wenyewe ndio unaolinda siri, na ningependa kila mjumbe wa LC1, yaani baraza la kijiji, aifahamu. Wazo la msingi lilitolewa 1965 na mtakwimu Stanley Warner. Nitalieleza kwa sura iliyo rahisi kidogo kuliko yake. Tuseme unataka kujua ni wanawake wangapi waliombwa kitu kidogo wodi ya uzazi. Ukiuliza moja kwa moja watasema hapana, na wana haki. Sasa mpe kila mmoja sarafu ya shilingi 500, ile yenye kichwa cha korongo upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Airushe peke yake, asikuonyeshe. Ikiangukia nembo, ajibu "ndiyo" hata kama hajawahi kufika wodini. Ikiangukia korongo, aseme ukweli.

Tuseme umeuliza wanawake 1,000, na 640 wamejibu "ndiyo." Sarafu huangukia nembo takriban nusu ya mara, kwa hiyo "ndiyo" kama 500 ni za sarafu. Zinabaki 140, kutoka kwa wale 500 hivi walioona korongo. Yaani wanawake 28 katika kila 100 waliombwa hongo. Umepata jibu la kuligonga mezani barazani, na bado humjui hata mmoja. Mkuu wa wodi akimkabili mama na kumuuliza "mbona ulisema ndiyo?", mama anajibu "sarafu ilianguka nembo," na hakuna daftari, hakuna kompyuta wala mahakama inayoweza kumkanusha. Siri yake imelindwa na kitu ambacho hakikuandikwa popote duniani.

Njia hii ina gharama. Sarafu huleta makelele kwenye hesabu, yaani bahati inayoliyumbisha jibu, na makelele hupungua watu wakiwa wengi. Kwa watu 1,000 lile jibu la 28 linaweza kuyumba pointi sita hivi juu au chini. Kwa watu 40 lingeyumba pointi 30, na hapo hujajua kitu. Jambo jingine: usiiruhusu simu imrushie mtu sarafu. Simu inaweza kukumbuka ilivyoanguka. Sarafu ya chuma haikumbuki. Google walianza kutumia mbinu ya ukoo huu mwaka 2014 kukusanya takwimu za kivinjari chao bila kuchungulia jibu la kila mtu, kwa hiyo si mbinu ya kijijini tu. Ila kijijini tunaweza kuifanya bila umeme.

Je, zawadi? Mtu akitaka kupewa sabuni au kifurushi cha intaneti kwa kazi aliyofanya, lazima ajulikane? Sheria yetu ya 2010 ya kuwalinda watoa taarifa inampa aliyefichua ubadhirifu asilimia 5 ya fedha zitakazorejeshwa, na ni wazi kwamba malipo ya namna hiyo hayawezi kumfikia mtu asiyejulikana na yeyote. Lakini kwa tuzo ndogo kuna ufundi wa David Chaum, aliouwasilisha 1982, unaoeleweka kwa karatasi ya kaboni iliyo kwenye kila kitabu cha risiti. Unaandika namba yoyote uliyoibuni kwenye kijikaratasi, unakitia kwenye bahasha iliyowekwa kaboni ndani, unaifunga. Karani anaona umefanya kazi, anagonga muhuri juu ya bahasha bila kuifungua, na muhuri unapenya hadi kwenye kijikaratasi. Nyumbani unakitoa. Wiki ijayo unakipeleka dukani: muhuri ni halali, namba haijawahi kutumika, chukua sabuni yako. Karani akiletewa kijikaratasi atakubali kwamba muhuri ni wake, lakini hatajua aligongea bahasha ya nani. Kwenye simu kazi hii hufanywa kwa hesabu za siri badala ya kaboni. Ila zawadi ikitumwa kwa pesa za simu, ufundi wote umekwenda na maji, kwa sababu namba imesajiliwa. Na kama wiki hiyo bahasha zilikuwa mbili tu, tumerudi kwenye shimo lenye kete moja.

Hata hivyo nadhani swali la zawadi kwa mwananchi linatupotezea muda kuliko linavyostahili, kwa sababu tunampa alama mtu asiye sahihi. Mwaka 2004 ulianza utafiti wa Martina Björkman na Jakob Svensson katika zahanati 50 za wilaya 9 za Uganda. Nusu ya jamii zilipewa kadi za kuonyesha zahanati yao inafanyaje kazi, wakakaa na wahudumu na kupanga nini kibadilike. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalisema vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 33. Kazi ya baadaye kwenye vituo 376 haikuona upungufu huo wa vifo, ingawa iliona matibabu na ridhaa ya wagonjwa vikiwa bora kiasi, kwa hiyo nisiwaahidi muujiza. Ninachokitoa humo ni mwelekeo wa alama: zilitolewa kwa zahanati. Hakuna mgonjwa aliyepangwa wa kwanza au wa mwisho.

Hivyo ndivyo ningejenga. Ubao wa vinara uwe wa ofisi za maji za wilaya, na kinachopimwa kiwe siku ngapi zimepita tangu kisima kiripotiwe hadi kitengenezwe. Kisima kiwe na namba, kiwe na historia, kiwe na mfululizo wake wa siku bila kuharibika ambao shule ya karibu inaufuatilia kwa shauku kama ligi. Nani aliripoti, mfumo usahau. Kuna mtego mmoja: usikipe kijiji alama kwa kuwa na mambo mazuri, maana kitaficha mabaya ili kisishuke, na atakayesema ukweli ataitwa msaliti wa kijiji. Pima matengenezo, si usafi wa sura.

Suala la hiari linanigusa zaidi nikifikiria Nakivale, Isingiro, ambako wakimbizi wengi kutoka Congo huzungumza Kiswahili. Mtu anayepokea mgao wa chakula akiulizwa na shirika lilelile "ungependa kushiriki?", kukataa si rahisi kama inavyoonekana kwenye fomu, na beji ya "mshiriki hodari" inamfanya aone kuwa asiyeshiriki ana alama mbaya mahali fulani. Kwa watu kama hao mchezo usiwe na jina, usiwe na mfululizo unaokatika ukikosa siku moja, na maswali yawe kwa Kiswahili kinachozungumzwa pale. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini menyu nyingi za simu bado hazijapata habari hiyo.

Sheria iko upande wa mwananchi zaidi ya wengi wanavyojua. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, pamoja na kanuni zake za 2021, inataka ridhaa, inakataza kukusanya zaidi ya kinachohitajika, inadai idhini ya mzazi kwa data za mtoto, na inaweka uzio mkali kwenye dini, maoni ya kisiasa, afya, fedha na maisha ya kimapenzi. Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, hupokea malalamiko. Programu ya kuripoti mashimo barabarani inayodai namba yako ya kitambulisho cha taifa inakusanya kisichohitajika, na unaweza kuwauliza wenyewe, kwa maandishi, wanakitakia nini.

Limebaki pingamizi ninalolisikia kila mara, na ni la haki: bila majina watu watadanganya, mmoja ataripoti mara ishirini. Atafanya hivyo. Kwa kisima, nakubali hasara hiyo. Fundi akifika akakuta pampu inatoa maji, imepotea nauli ya bodaboda na nusu siku, na ripoti za kisima kile zitapewa uzito mdogo kwa mwezi mmoja. Kwa shilingi milioni moja za PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, zinazokwenda mkononi mwa mtu mmoja, siikubali. Hapo kitambulisho kitolewe na jina liandikwe, kwa sababu fedha ya umma inapokelewa na mtu na si na kisima. Na mtu huyohuyo akiulizwa kesho kama aliombwa kitu kidogo kabla ya kuipata, arudishiwe sarafu yake ya korongo, aende pembeni airushe.